Ditekta ya dhahabu iliyotumika: tukague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Mimi ni mchimbaji mdogo wa Chunya. Tumechanga fedha sisi wanne tununue ditekta aina ya Minelab GPX 5000 iliyokwisha kutumika. Kwa macho inang'aa kama mpya, na muuzaji anatuhakikishia kwamba ni orijino. Hatuna fundi kati yetu. Tutajuaje kwamba imeundwa kwa uimara kabla hatujatoa fedha?

JIBU: Ndugu yangu, mng'ao uwekeni kando. Boksi la nje lenye swichi ndilo rahisi kuigiza, na GPX 5000 ni miongoni mwa ditekta zilizoigizwa sana katika machimbo ya Afrika. Anzeni chini, kwenye koili, yaani sahani ya chini inayonusa metali ardhini, kwa sababu ndiyo inayoburuzwa kwenye changarawe na kugonga visiki kutwa nzima.

Ndani ya koili mna mizingo ya waya wa shaba ambayo haitakiwi kusogea hata kidogo, maana ikisogea mashine hulia kana kwamba imeona metali. Mtengenezaji makini huigandisha kwa epoksi, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, na kuizungushia kinga ya kuzuia mwingiliano wa umeme. Niliwahi kuletewa mashine iliyokuwa ikilia kila inapogusa nyasi. Nilipoipasua koili yake nikakuta waya umeshikizwa kwa matone machache ya gundi na nafasi iliyobaki imejazwa sponji, ilhali nembo ya nje ilikuwa safi kabisa. Ninyi hamwezi kupasua koili ya mtu, lakini mnaweza kuisikiliza. Iwasheni, muiinue mbali na chuma chochote, msubiri mvumo wake utulie, kisha mmoja wenu aliyevua pete na saa aigonge ukingoni kwa kiganja. Mguno mdogo unavumilika. Mlio mkali unaojirudia kwa kila pigo hauvumiliki. Ipitisheni pia juu ya majani mabichi yaliyolowa, kwani ikilia hapo, kinga ya ndani ni hafifu.

Baada ya hapo shikeni kebo pale inapoingia kwenye koili, muikunje taratibu huku na huku mashine ikiwa imewaka, halafu mfanye vivyo hivyo kwenye plagi. Sauti ikikatika au kuruka, nyuzi za ndani zimeanza kukatika au solda (risasi inayounganisha nyaya) imelegea. Kwanza, hata hivyo, hakikisheni kebo imezungushwa vizuri kwenye bomba, yaani mpini wa mashine, kwa kuwa kebo inayoning'inia hupiga kelele hata kwenye mashine nzima. Chomoeni plagi mtazame pini zake. Ukungu wa kijani ni dalili kwamba maji yamewahi kuingia.

Bolti inayoshika koili na bomba lazima iwe ya plastiki, pamoja na nati yake. Nimeona watu wakiweka ya chuma baada ya ile ya awali kukatika, kisha wakashangaa kwa nini dhahabu ndogo haisikiki. Vifungio vya bomba vikazeni, mjaribu kulizungusha kwa mikono miwili, na lisizunguke.

Muuzaji akisema mashine haiingii maji, muulizeni ni sehemu ipi, kwa maana koili ya GPX 5000 huvumilia maji lakini boksi lake halikutengenezwa kuzamishwa.

Majaribio yote haya msiyafanyie dukani. Nyaya za umeme na simu huifanya hata ditekta nzima ipige kelele, na kelele hizo humpa muuzaji kisingizio cha kila kasoro. Nendeni nje ya mji, simu zizimwe, mfukie kipande cha dhahabu ambacho uzito wake mnaujua, na mkae na mashine juani kwa saa nzima ikiwa imewaka, kwa kuwa solda mbovu mara nyingi hujifichua joto linapopanda. Betri nayo itajieleza ndani ya muda huo huo.

Mwisho kabisa, nakilini namba ya seriali na kuituma kwa Minelab au kwa wakala wao aliyeidhinishwa, mngoje jibu kabla ya kulipa hata kishika uchumba. Namba ikiwa imekwanguliwa, msianze hata kujadiliana bei.