Ndugu wakibaki getini, nani atauliza?

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: "Je, hospitali zirudishe utaratibu wa wakati wa korona wa kuwazuia ndugu kuingia wodini?" Mimi ni mhudumu wa wodi hapa Mbeya, wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na kipindi kile chote nilikuwa kazini. Nilijibu ndiyo kabla sijamaliza kulisoma.

Asiyefanya kazi wodini Jumapili hawezi kuelewa. Saa sita mchana geti likifunguliwa, mgonjwa mmoja anafikiwa na watu kumi na tano. Ukoo umekodi Noah kutoka Tukuyu, kwaya imetoka ibadani na sare zake, watoto wanapanda vitandani na vumbi la Mwanjelwa miguuni. Mgonjwa mguu wake umevutwa kwa uzito, na kuna mtu ameegemea kamba. Wakiondoka, simu ya kitanda cha pili haionekani, na sakafu niliyoipiga deki asubuhi naianza upya.

Kisha tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kule Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Hatukufungiwa majumbani kama Uganda. Masoko yaliendelea, makanisa na misikiti iliendelea, Aprili tukafanya siku tatu za maombi nchi nzima. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hatukusikia nyingine kwa muda mrefu. Kufungwa kwenyewe tulikuona sisi wa hospitali, pale getini. Ndugu akiacha chakula kwa mlinzi, mhudumu anakifuata. Wodi ikatulia. Sakafu ilikuwa kavu saa tano na ikabaki kavu. Kwa hilo nilishukuru, na bado nashukuru.

Lakini ninyi mmeuliza kama ndugu wazuiwe. Hamkuuliza ndugu huwa anafanya nini akiwa ndani, na mimi naona hilo ndilo la kujibiwa kwanza.

Jumamosi moja ya Mei, baridi imeshaanza kushuka kutoka mlima Loleza, nilikuwa zamu ya asubuhi na nesi mmoja. Wikiendi ndivyo ilivyo. Daktari wa zamu anazunguka wodi zote, nesi yuko kwenye dawa, dripu na vidonda, na mhudumu ana mashuka, bedpani, maji ya kuwaogesha wasioweza kunyanyuka, kupeleka vipimo maabara, na siku hizo pia vyakula vya getini. Nilishuka na toroli. Hotpoti zilikuwa zimebandikwa plasta zenye jina na namba ya kitanda, barakoa yangu ya kitenge imelowa pumzi, mlinzi anaita majina kupitia uzio.

Palikuwa na bibi mmoja wa Kiwira aliyekuwa akilala kwa mpwa wake Ilomba. Mumewe alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika paja. Alikuwa amefunga mbalaga, ndizi za kupika, kwenye kitenge, na niliponyoosha mkono hakuniachia.

"Mwanangu, amekojoa?"

Nikamwambia nitamuuliza.

"Usimuulize, atakwambia ndiyo. Mtazame tumbo."

Akanieleza, tena kwa sauti ya chini maana foleni ilikuwa nyuma yake, kwamba nyumbani mkojo ulishaanza kumsumbua mzee. Usiku alikuwa akisimama uani muda mrefu. Sasa jana hotpoti ya uji ilirudi ikiwa nusu, na chupa ya maji ilirudi vilevile alivyoileta. Mume wake haachi uji. Bibi akajua kwamba anajizuia kunywa kwa sababu hakitoki kitu.

Nimezaliwa Njombe nikaolewa Unyakyusani, kwa hiyo naijua heshima iliyopo kati ya baba mkwe na mkamwana. Mzee yule alinihesabu mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, na habari za mkojo angeona haya kunitajia. Nikamwendea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umekojoa leo?"

"Nimekojoa."

Chupa yake chini ya kitanda ilikuwa kavu kabisa. Nikamwita sista. Alifunua shuka akagusa chini ya kitovu, pamejaa, pagumu, mzee akauma meno. Daktari akaja, mpira wa mkojo ukawekwa, na mfuko ukapita lita moja. Mzee akasinzia palepale, hata chakula hakukiulizia. Nilirudi getini, bibi alikuwa bado amesimama. Nilipomwambia alisema "Ndaga, mwanangu," yaani asante, ndipo akanipa mbalaga.

Faili la mzee lilikuwa na joto, presha na dawa, zote zimejazwa kwa wakati. Hakuna aliyezembea. Lakini kwenye wodi ya vitanda thelathini, nani mwenye muda wa kuangalia uji uliorudi? Yule bibi aliujua ugonjwa wa mumewe kutoka nje ya uzio, na sisi tuliokuwa hatua mbili kutoka kitandani hatukuujua.

Halafu kuna wasio na ndugu kabisa. Mei hiyohiyo Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde, malori yakajipanga Tunduma, na hapa mjini madereva wakaogopwa. Tulikuwa na utingo mmoja aliyevunjika nyonga, kwao mbali. Siku za kawaida mtu kama huyo hula kwa ndugu wa kitanda cha jirani, tena bila kuomba: mama anamega ugali, anamsogezea maji, anamkunjia blanketi. Geti lilipofungwa, huyo jirani naye alibaki nje.

Kwa hiyo naandika hapana, na imenichukua ukurasa mzima kuifikia. Wasizuiwe wote. Kila mgonjwa asiyeweza kunyanyuka awe na ndugu mmoja mwenye kadi, mchana na usiku, anawe kwenye kibuyu chirizi kabla ya kuingia. Kama mgonjwa ni mzee, huyo mmoja awe mtu ambaye hamwonei haya. Wengine waje Jumapili wamsalimie wawiliwawili, na kwaya iimbe nje kwenye majani, sauti inafika. Ugonjwa wa kuambukiza ukirudi, hata huyo mmoja atalazimika kukaa nje kwa muda, na hapo nitakubali, ilimradi Jumamosi hiyo wahudumu waongezwe.

Wodi ya watoto njiti siisemei. Kule mama yumo ndani tayari, na wanaofanya kazi humo wana sababu zao za kumzuia hata bibi wa mtoto.