Pampu ya seli huunganishwa na nani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafundisha Baiolojia kidato cha sita hapa Dodoma. Juzi nilikuwa naeleza pampu ya sodiamu na potasiamu: kwa ATP moja (molekuli inayobeba nishati ya seli) inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, kama pampu ina vipande, nani anaviunganisha?" Nikamjibu vinajiunganisha vyenyewe. Nimekosea?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umekosea kidogo, na binti huyo mwangalie vizuri.

Kwa pampu uliyoitaja jibu ni fupi. Ina kipande kikubwa, alfa, kinachopenya utando mara 10, na kidogo, beta, kinachopenya mara moja. Vyote hutengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli. Alfa ikikosa beta haitoki humo. Huzuiliwa, kisha ikavunjwavunjwa. Beta nayo, ikiwa bado inajikunja, hushikwa na protini iitwayo BiP isije ikagandana ovyo na nyingine.

Ila ningekuwa wewe ningewapa mfano wa hamira, ile ile inayogeuza zabibu zetu za Makutupora kuwa mvinyo. Vakuoli ya hamira, yaani kifuko kilicho ndani ya seli yake, ina pampu ya protoni (ioni za hidrojeni), V-ATPase, inayoifanya iwe na asidi. Upande wa V1 hukaa nje ya utando na kuvunja ATP; upande wa V0 umezama ndani ya utando na ndio unaopitisha protoni. Kazi ngumu iko kwenye V0, maana vipande vyake vinakimbia maji, na visiposhikwa mapema huharibika.

Hapo wanaingia wasaidizi watatu, nao ni protini. Vma12 na Vma22 hufanya kazi pamoja: hukilinda kipande kikubwa cha V0 mpaka kiunganishwe na wenzake. Wasipokuwepo, kipande hicho huvunjwa upesi. Wa tatu, Vma21, ni mdogo mno, asidi amino 77 tu. Yeye huishika V0 inapoundwa, akaisindikiza hadi Golgi, kituo cha seli cha kupanga na kusafirisha protini, halafu akarudi kama mwenyeji aliyemfikisha mgeni barabarani. Mkiani ana asidi amino nne, lisini mbili zikiwa za kwanza, ambazo ndizo tiketi yake ya kurudi. Pampu iliyokamilika ukiichunguza, humkuti hata mmoja kati ya hao watatu.

Tumejuaje? Hamira iliyofutiwa jeni ya msaidizi mmoja tu huota vizuri kwenye pH 5.5, lakini kwenye 7.5 sahani inabaki tupu, sawasawa na hamira iliyokosa kipande cha pampu chenyewe. (Niliwahi kusahau bafa, kemikali inayozuia pH isibadilike, kwenye sahani zangu. Hamira hutoa asidi inapokua, kwa hiyo baada ya siku chache ile ya 7.5 nayo ilijaa vidoa vyeupe. Wiki nzima ikapotea.)

Mwambie binti kwamba sisi pia tunayo jeni ya Vma21, kwenye kromosomu X. Kuna wavulana ambao jeni hiyo hutoa protini pungufu, na misuli ya miguu yao hudhoofika taratibu tangu utotoni, ingawa jeni za vipande vya pampu zote ni nzima.