Mwanangu, ulijuaje kwamba hana mama?

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo. Miguu ya mama yako imepungua kuuma tangu mvua zikatike. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza jambo moja tu: huyo mtoto wa paka uliyemwokota kwenye tofali za jirani huko Nkuhungu, Dodoma, ambaye macho yake ndiyo kwanza yanafunguka, umpe maziwa ya ng'ombe au ya kopo? Nimeona kwa simu hayatatosha. Naandika, na mjukuu ataipiga picha barua hii akutumie.

La maziwa nalimaliza upesi. Ya ng'ombe usimpe, yatamharisha, na kiumbe wa ukubwa ule akiharisha siku moja anakauka. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, uliza kwenye maduka ya dawa za mifugo. Ukiyakosa, nenda kwa daktari wa mifugo akupe cha kushikilia siku mbili tatu. Ya mbuzi huenda tumbo lake likayavumilia zaidi, lakini peke yake hayamkuzi. Basi, la maziwa ndiyo hilo.

Swali lililoninyima usingizi ni jingine. Ulijuaje kwamba hana mama?

Umesema ulisikia analia, ukachungulia, ukamkuta peke yake, ukambeba. Ulikaa muda gani kabla ya kumbeba? Paka mwenye watoto hutoka kutafuta riziki akakawia saa kadhaa. Tena akihama hubeba mtoto mmoja mmoja, kwa meno, kwenye ngozi ya shingo. Anayesubiri zamu yake ya mwisho utamkuta peke yake kabisa, nawe utasema masikini huyu katupwa.

Unamkumbuka paka wetu Kifungo. Wewe ulimkuta mzee, ukimfunga kanga ya mama yako, na alipokufa mwaka 1998 ulikataa kula siku nzima. Nyote mnajua nilimlea kwa mkono, nimelisimulia hilo barazani miaka na miaka. Ambalo sikuwahi kulisema ni kwamba Kifungo alikuwa na ndugu yake. Na walikuwa na mama yao.

Ilikuwa masika ya 1984. Duka langu lilikuwa bado Barabara ya 12, kile chumba chenye ua mdogo nyuma. Kitambaa kilikuwa adimu miaka ile, mafundi tulishinda tukigeuza kola za mashati ya zamani na kutia viraka. Asubuhi moja nikaenda uani kuvuta magunia ya katani nitafute mkaa wa pasi, nikasikia vilio vyembamba. Wawili, weusi, mmoja ana doa jeupe kifuani la mviringo kama kifungo cha shati. Jana yake jioni nilikuwa nimeona paka kagongwa na lori barabarani, wa kijivu. Sikufikiri mara mbili. Nikasema mama yao ndiye yule, nikawachukua nikawatia kwenye boksi la vipande vya vitambaa.

Mimi paka sikuwahi kufuga. Paka kwangu alikuwa mnyama wa kumfukuza asilalie suti ya mtu. Kaka yako alikuwa na miezi minne, na nilimwona mama yako anavyomnyonyesha, nikadhani watoto wote ni sawa. Nikamlaza chali kiganjani yule asiye na doa, nikamdondoshea maziwa kwa pampu ya dawa ya macho. Alikuwa wa baridi, mwanangu, baridi kama chura. Nikaona ndiyo sababu ya kuharakisha, kwamba akishiba atapata moto. Akapaliwa. Maziwa yakamtoka puani. Kabla ya isha alikuwa amekufa, nami nilikuwa nimempiga mgongo na kumpuliza na kumwita bila jina.

Ndiyo maana nitakuambia leo, na nitakuambia tena ukinipigia: joto kwanza, maziwa baadaye. Mtoto wa paka wa umri ule hawezi kujipa joto mwenyewe, hata akifikisha wiki tatu bado anahangaika. Akiwa wa baridi tumbo lake halisagi, maziwa yanakaa tu yakimuua. Huko Dodoma sasa hivi usiku kuna baridi na upepo. Chukua chupa ya maji ya moto, ifunge kwa kanga, iweke upande mmoja wa boksi, upande wa pili uwe mtupu ili akiona limezidi asogee. Mpashe taratibu, hata saa nzima. Ukimgusa makwapani ukakuta moto, hapo ndipo unampa, naye amelala kifudifudi kama anavyolala tumboni kwa mama yake, shingo imenyooka, tone kwa tone. Kamwe si chali.

Kifungo nilimpasha kwa pasi ya mkaa, boksi hatua mbili kutoka ilipo, mlango wazi moshi utoke. Nikakesha naye dukani.

Usiku wa pili akaja mama yake.

Nilikuwa nusu usingizini, saa nane hivi. Nikasikia paka ukutani kule uani. Si ile sauti ya shume wanaogombana, wala ya njaa. Ilikuwa ya chini, fupi fupi, kama mtu anayeita jina huku anaogopa kuamsha nyumba. Nikafungua dirisha. Wa kijivu, milia mgongoni mpaka mkiani, chuchu zimejaa. Akashuka, akanusa magunia, akaingia nyuma yake, akatoka, akaita tena. Kifungo alikuwa ndani kwangu, masikio bado yamekunjamana. Sidhani alimsikia.

Nilitaka kumtoa. Namwambia Mungu nilitaka, nilikuwa nimeshamshika mkononi. Lakini tangu utoto tumeambiwa paka akinusa harufu ya mtu kwa mwanawe hamtaki tena, na wengine wakasema humla. Nilikuwa nimezika mmoja jana yake. Nikafunga dirisha.

Alikuja siku tatu. Siku ya nne hakuja.

Wiki mbili baadaye bwana mifugo mmoja alileta suruali ya kupunguzwa, akamwona Kifungo kwenye boksi, nikamsimulia. Akasema yale maneno ya harufu si kweli. Paka anamjua mwanawe, angemchukua papo hapo na kuondoka naye. Alilisema hivi hivi, huku anatazama urefu wa suruali.

Nimejitetea sana kwa miaka hii. Nasema mvua ilikuwa kubwa, ua ule ulikuwa unajaa maji, labda wangekufa wote wawili. Labda. Lakini nikikaa kimya nakumbuka walivyokuwa nilipowakuta: wakavu, manyoya yamelambwa safi, matumbo yameviringana. Mtoto wa paka aliyeachwa kweli huwa mchafu, tumbo limebonyea, analia hakomi. Wale walilia kwa sababu mimi nilivuta magunia. Nilikuwa nasikia masheikh wakisimulia kile kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie, na kila mara nilikuwa natazama mkeka. Kisha najijibu: mimi sikumfungia mtu, mimi nililisha. Kisha namkumbuka yule wa kijivu ukutani.

Na bado, mwanangu, siwezi kusema natamani Kifungo asingekuwa wangu. Hapo ndipo ninaponasa. Yule bwana mifugo aliniambia nimpime kila siku, kwamba aongezeke kama gramu 10, asipoongezeka kuna tatizo. Nitampimia wapi? Mizani ya duka la unga haioni gramu 10. Nikampeleka kwa sonara wa mtaani, Mungu amrehemu, yule uliyemkuta kaota mvi. Akatandika kipande cha bafta kwenye mizani ya dhahabu, akamweka. Gramu 180. Tangu siku hiyo kila alasiri tukawa naye pale. Kuna siku watu wa harusi walikuja kuchukua hereni, sonara akawaomba wangoje kwanza paka apimwe, na bibi harusi akashika pumzi kama sisi. Aliongezeka gramu 12 siku ile. Tulipiga makofi! Sijui kama nimefurahi hivyo tena dukani, hata nilipopata tenda ya sare za shule.

Mama yako ndiye aliyeuliza mbona huyu hajakojoa. Nikasema atakojoa akitaka. Akasema mtoto mchanga wa mnyama hajiwezi, mama yake humlamba ndipo atoe. Akalowesha pamba maji ya uvuguvugu akampangusa chini taratibu, na kweli. Fanya hivyo kila baada ya kumlisha, mpaka afikishe wiki tatu au zaidi ajiweze. Kulisha kwa sasa ni kila baada ya saa tatu, na usiku pia, usijidanganye kwamba ukimshindilia jioni utalala hadi asubuhi. Sirinji isiyo na sindano inafaa. Akifika wiki nne ataanza kulamba chakula laini kwenye kisahani, utapumua. Mama yako yuko hapa ananiambia nikuandikie habari ya viroboto: mchanue kwa kitana chenye meno ya karibu, usimpulizie dawa ya wadudu ya nyumbani wala usimpake dawa ya mbwa, ziko zinazoua paka. Na usimzoeze kucheza kwa kukung'ata vidole. Kifungo hakuwa na ndugu wa kumfundisha kwamba meno yanauma, nawe una alama mkononi mpaka leo.

Sasa rudi kwenye swali langu. Ulipomchukua, alikuwa mkavu na msafi, au mchafu? Tumbo lilikuwaje? Karibu na zile tofali hukuona paka mwenye chuchu zilizojaa? Siku mbili si nyingi. Chukua unga wa mahindi konzi moja, uunyunyize mahali pale ulipomkuta, wakati wa magharibi, kisha uondoke. Asubuhi tazama nyayo. Mama akiwa bado anakuja kumtafuta, unga utakuonyesha.

Ukikuta nyayo, jioni inayofuata mpeleke pale pale ndani ya boksi lililo wazi, ameshapata joto, na chupa yake ubavuni. Kaa mbali kabisa asikuone. Mngoje mama yake muda wa saa mbili hivi. Asipotokea mtu, mrudishe ndani, usimwache alale nje. Joto kwanza, nimeshasema.

Sikuambii mrudishe. Wala sikuambii umweke. Wewe umekaa peke yako Dodoma mwaka mzima sasa, na sauti yako kwenye ule ujumbe nimeisikia ilivyobadilika ulipomtaja. Nimeipenda. Mama yako anasema mwache mtoto afuge paka wake, umezeeka unasumbuliwa na mambo ya 1984. Huenda ni kweli. Naogopa ukiniuliza moja kwa moja nitakujibu, na jibu langu litakuwa la yule mtu wa dirishani, si lako. Kwa hiyo usiniulize hilo kwanza. Tia unga.

Alfajiri nipigie, nitakuwa nimeshatoka msikitini. Nataka uniambie nyayo zimeingia kutoka upande gani, na kama zimezunguka mahali pale au zimepita tu.

Ni mimi baba yako,
Tanga