Kuhusu ile mechi ya Plymouth

Mwanangu,

Umeniuliza kama Slot, kocha wa Liverpool wakati huo, alikosea kuwaacha nyota wake Salah na Van Dijk nyumbani siku Liverpool ilipokwenda kucheza Kombe la FA Plymouth, tarehe 9 Februari 2025, ikatolewa. Najua ulimwuliza mjomba wako kwanza, akakuambia soka la siku hizi ni hesabu, ndipo ukaja kwangu kutafuta wa kukuunga mkono.

Mimi na mjomba wako tulishavurugana tangu 2013. Wewe ulilala kabla ya mapumziko. Ilikuwa fainali ya FA, Wigan na Manchester City. Wigan walikuwa wananing'inia kushuka daraja, na siku tatu mbele walikuwa na Arsenal kwenye ligi. Mjomba wako akatangaza kwamba kocha mwenye akili angepeleka kikosi cha pili Wembley, wakubwa wakawekwa akiba kwa ajili ya Arsenal. Kikosi cha pili, fainali! Sisi si mashabiki wa Wigan, lakini damu ilinichemka. Dakika 90 zikaisha, Maloney wa Wigan akachonga kona, mwenzake Ben Watson akapanda hewani, kichwa, bao. Watson yuleyule aliyevunjika mguu Novemba iliyotangulia, pale Anfield, uwanja wa Liverpool. Nilipiga kelele mpaka ukaamka unalia.

Mjomba wako alinyamaza. Akasubiri Jumanne. Arsenal wakashinda 4-1, Wigan wakashuka, na simu yake ikaita refa hajashusha filimbi mdomoni: "Nilikwambia." Neno hilo linanikera hadi leo. Kabla ya Wigan hakuna timu iliyowahi kubeba FA na kushuka daraja msimu huohuo. Yeye kashika kushuka, mimi nimeshika kombe.

Siku zote nawaambia: kombe halina kesho. Kwenye ligi unafungwa leo, wiki ijayo unafuta machozi. Kombe halina kesho, na tangu msimu huo wa Plymouth hata mechi za kurudiwa baada ya sare, kuanzia raundi ya kwanza ya FA, zimefutwa.

Haya, nijipinge mwenyewe. Slot alibadilisha wachezaji kumi, akatolewa kwa penalti ya Hardie wa Plymouth, timu iliyokuwa ikiburuza mkia Championship, ligi ya daraja la pili, kisha Aprili akatwaa ubingwa wa ligi. Hapo mjomba wako anatabasamu. Lakini Machi hao waliopumzishwa wakatolewa na PSG kwa penalti Ligi ya Mabingwa, na siku tano baadaye Newcastle wakawachapa 2-1 fainali ya Kombe la Ligi. Mapumziko yale yalikwenda wapi? Ingawa huenda bila hayo wangechoka zaidi, na ubingwa nao ungeponyoka. Sijui kwa nini nakusaidia hoja za mjomba wako.

Na usinitajie vijana wa Klopp, kocha wa Liverpool kabla ya Slot, waliowashinda Chelsea fainali ya Kombe la Ligi 2024. Wale waliingia kwa sababu wakubwa walikuwa majeruhi, na bao la dakika ya 118 alifunga nahodha, Van Dijk, ambaye hakuna aliyemwacha nyumbani.

Alikosea au hakukosea? Jibu ninalo, nalibana mdomoni. Kocha ana ripoti za madaktari, mimi nina televisheni. Ila mashabiki waliotoka Liverpool mpaka Plymouth, kule pembeni kabisa kusini-magharibi mwa Uingereza, wao hakuna aliyewapumzisha. Hiyo si hukumu, kwa hiyo usiende kumwonyesha mjomba wako kama ushahidi.

Mama yako