Jibu: Mama alipata kiharusi, mkono haushiki. Je, mashine ya neva itasaidia?

Pole kwa kuuguza, dada. Umesema mama yuko Kondoa, na umeuliza kama mwaka mzima baada ya kiharusi amechelewa.

Hajachelewa. Hiyo mashine ipo, Marekani waliiidhinisha 2021. Kifaa hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, waya wake hufika kwenye neva ya vagasi, yaani mshipa mkubwa wa fahamu utokao kwenye ubongo, shingoni, kushoto. Mgonjwa anapojaribu kushika kitu, mtaalamu hubonyeza kitufe, umeme kidogo unapita nusu sekunde. Ni kwa kiharusi cha mshipa kuziba, si cha kuvuja damu. Katika utafiti wa watu 108, wengine waliugua miaka kadhaa nyuma, na hata waliofanya mazoezi bila umeme walipata nafuu, ingawa ndogo kuliko ya waliopewa umeme.

Kwa hiyo mimi nisingeuza shamba la zabibu kufuata upasuaji ule. Mlete Dodoma mjini kwa mtu wa fiziotherapia, ampangie mazoezi. Nyumbani achambue karanga moja moja, akunje khanga, akamue kitambaa, kila siku, mara nyingi mpaka achoke. Na msimnyanyue kwa kuvuta mkono ule, bega litateguka.