Unga wa uji wa pakiti: korona ilificha nini?

SWALI: Ninasaga unga wa uji hapa Kondele, Kisumu. Nachanganya mahindi, wimbi, soya na njugu karanga, kisha naufunga kwenye karatasi ya khaki ya kilo 2, na tarehe ya kuisha naandika miezi sita. Mwaka 2020 na 2021 duka moja lilikuwa linamaliza katoni kwa siku nne. Sasa katoni hiyo hiyo inakaa miezi miwili, na pakiti zinarudishwa eti unga ni mchungu. Je, watu wameacha chakula cha pakiti, au ni unga wangu? Nikifunga robo kilo itasaidia?

JIBU: Dada yangu, pakiti mbili ulizotuma kwa matatu zilifika Nakuru salama. Ya wiki mbili niliimimina na unga ukateremka kama mchanga mkavu. Ya miezi mitatu ilitoka na mabonge kwenye pembe, na nilipoyasugua kiganjani nikapata harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi. Kwa hiyo wateja wamebadilika, na unga wako una kasoro pia. Kasoro hiyo ilikuwapo hata mwaka 2020, ila unga ulikuwa unaliwa kabla haijajitokeza.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa 13 Machi 2020, shule zikafungwa siku chache baadaye, na kufikia 27 Machi tukawa na kafyu kuanzia saa moja jioni. Watoto waliokuwa wakinywa uji shuleni wakawa nyumbani mchana kutwa. Mama hakutaka kurudi sokoni kila siku, wala hakutaka unga wa gunia lililo wazi ambao kila mtu anauchota kwa mkono wake. Alinunua kilo mbili kwa mkupuo, na mwenye duka naye akajaza rafu akihofia kukosa mzigo. Huko kwenu mambo yalirudi tena Juni 2021, kaunti 13 za ziwa na magharibi peke yake zilipowekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni.

Shule zote zilikuwa zimefunguliwa Januari 2021, kisha kafyu ikaondolewa Oktoba mwaka huo, na mwaka 2022 unga wa mahindi wa kilo 2 ukavuka shilingi 200. Mfuko ulipobanwa, mama alirudi kwenye gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni: ananunua nafaka yake, anaichambua mwenyewe, anapeleka kinuni. Sidhani ameichukia pakiti. Aliizoea wakati wa kafyu na bado anaitaka, hasa kwa mtoto mdogo, lakini anaitaka kwa pesa alizo nazo leo. Ndiyo maana wazo lako la robo kilo ni zuri kibiashara. Kitaalamu lina mtego, na nitaufikia.

Kwanza uchungu. Punje nzima ya mahindi ina kiini chenye mafuta. Soya na njugu zina mafuta mengi zaidi. Ukishasaga, mafuta hayo yanakutana na hewa na yanaanza kuchacha. Joto linaharakisha: kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinazoongezeka kasi hukaribia kuwa maradufu, na rafu ya duka la mabati Kisumu si sawa na ya Nakuru kwenye baridi. Soya mbichi inazidisha tatizo, kwa kuwa ina vimeng'enya vinavyovunja mafuta. Ikaange vizuri, ipoe kabisa, ndipo usage. Hiyo pia inaondoa vizuizi vinavyomzuia mtoto kusaga protini tumboni. Njugu ningeziondoa kwenye mchanganyiko kabisa, angalau kwa sasa, maana mbali na mafuta, kama mahindi nazo zina hatari kubwa ya aflatoksini, yaani sumu ya kuvu.

Halafu mabonge. Unga ukitoka kinuni huwa na joto. Ukiufunga hapo hapo, mvuke unakosa pa kwenda na unageuka majimaji ndani ya pakiti. Utandaze kwenye turubai safi hadi mkono usisikie joto. Karatasi ya khaki nayo inapitisha unyevu wa ziwa kana kwamba haipo.

Sasa mtego wa robo kilo. Ukitoka kilo 2 hadi robo, uzito umegawanywa mara nane, lakini eneo la kifungashio limegawanywa takriban mara nne tu. Yaani kila gramu ya unga imepata karatasi mara mbili ya ile ya zamani ya kupitishia unyevu na hewa. Ukitumia khaki ile ile, pakiti ndogo itaharibika mapema kuliko kubwa. Tumia mfuko wenye tabaka la plastiki au foili ndani, unaofungwa kwa joto. Marufuku ya plastiki ya Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea na ile bapa isiyo na mikono. Vifungashio vya bidhaa vina masharti yake, basi mwulize anayekuuzia kama amekidhi masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Kabla ya kununua mifuko elfu, fanya jaribio hili. Chukua pakiti kumi za nusu kilo, tano za khaki na tano za mfuko mpya, uziweke kwenye rafu ya duka lenye joto kuliko yote unayouzia. Kila Jumatatu zipime kwa mizani inayosoma gramu moja, uandike. Tuseme unga ulianza na unyevu wa asilimia 12, yaani gramu 60 za maji katika 500. Pakiti ikiongezeka gramu 10, unga una maji gramu 70 katika 510, karibu asilimia 13.7. Hapo umekaribia eneo la kuvu. Kila wiki mbili fungua moja ya kila aina, pika uji bila sukari, na umpe mtu asiyejua ni ya lini. Siku atakayokunja uso, hiyo ndiyo tarehe yako ya kweli, na lebo iandike pungufu ya hapo. Mpaka upate jibu, usiandike zaidi ya miezi miwili. Miezi sita haina msingi, na anayelishwa unga huo ni mtoto.

Pakiti zilizorudishwa usizisage upya kwenye mzigo mpya. Zilizo na mabonge au ukungu usiwape kuku wala ng'ombe, kwa kuwa aflatoksini hupita hadi kwenye maziwa, na moto wa kupikia hauimalizi. Zifukie mbali na kuku.