Konji haijachukuliwa, je, pesa yake?

Yaya, umeuliza kama patron wa depo hapa Lubumbashi anapaswa kukulipa siku za konji (likizo ya mwaka yenye malipo) na za ugonjwa ambazo hukuzitumia, maana unaacha kazi mwisho wa mwezi. Konji, ndiyo. Kanuni ya Kazi ya 2002 inampa mtu mzima angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, na huongezeka kila miaka 5 kwa patron yuleyule. Mkataba ukivunjika, siku zilizobaki zinageuka pesa. Hata kama alikusainisha karatasi ya kukataa konji, haina nguvu.

Siku za ugonjwa ni habari nyingine. Kwetu hakuna akiba yake: ukiugua, unaleta karatasi ya daktari, unapata theluthi mbili za mshahara, usipougua, hakuna cha kudai. Jirani anayesema amelipwa za ugonjwa, huenda mkataba wake ndio uliandika hivyo. Kampuni za migodi na mashirika mara nyingi hutoa zaidi ya sheria, kwa hiyo soma mkataba wako na mapatano ya pamoja (ya patron na wafanyakazi wote) kama yapo.

Kabla ya kusaini dekonti ya mwisho (hesabu ya pesa unazolipwa ukiacha kazi), tafuta mstari wa konji. Ukikuta wameandika tu "yote imelipwa" bila hesabu ya siku, usisaini, tafadhali. Piga picha karatasi hiyo, chukua mkataba na fishi zako za mshahara, uende kwa mkaguzi wa kazi.